Acha Mwanya: Marufaa ya Babu na Vitu Vinavyofumbatana

Haya, nianze kwa kukiri: marufaa ya Babu niliivunja mimi. Wale mliosikiliza kipindi cha wiki mbili zilizopita mlinisikia nikisema "ilivunjika", kana kwamba iliamka asubuhi ikajivunja yenyewe. Bibi naye alisikiliza, mjomba alimwekea kwenye simu, na siku ileile akanipigia. "Mke mwenza," akaniambia, "mbona hukusema nani kaivunja?" Basi nasema sasa, na kwa maandishi, isije ikawa nimenyamaza tena.

Wengi mliniandikia mkitaka nieleze vizuri ile sehemu ya kuchora kwenye kompyuta, maana kwa sauti niliivuruga. Ni kweli. Mambo haya yanataka macho na mikono, si masikio peke yake. Kwa hiyo soma taratibu, na ikifika mahali nikakwambia tumia vidole vyako, tumia, hakuna anayekuona.

Kwa asiyeijua, marufaa ni kile kibao cha kuwekea msahafu, kinachofunguka kama herufi X. Wengine mnaita rehali. Uzuri wake ni kwamba nyingi zimetengenezwa kwa ubao mmoja tu. Hakuna msumari, hakuna gundi, hakuna bawaba ya chuma. Katikati ya ubao kuna vidole vya mbao vinavyopishana, na vidole hivyo ndivyo bawaba. Ukiifunga inakuwa ubao bapa unaouweka nyuma ya kabati. Ukiifungua ina miguu chini na mabawa mawili juu, na kitabu kinalala katikati. Ufundi huu ni wa kale. Katika jumba la makumbusho la Metropolitan kule New York ipo marufaa ya mbao yenye jina la fundi wake, Hasan ibn Sulayman al-Isfahani, na mwaka wake, 761 Hijria, yaani 1360.

Ya Babu haikuwa na jina la mtu. Aliinunua Lamu, ikaja Coventry ndani ya sanduku mwaka 1979, imefungwa kwenye kanga mbili. Babu alipofariki ikabaki kwa Bibi, na kila baada ya Alfajiri ndiyo anaifungua. Sasa, nyumba za huku unazijua: miezi sita kwa mwaka hita zinawaka na hewa ni kavu kama unga. Kiungo kikaanza kulegea. Kidole kimoja kilikuwa kinacheza, na msahafu ukawa unaelemea upande. Bibi akaniambia, kwa kuwa mimi ndiye mhandisi wa familia.

Mhandisi wa mitambo, mwenye digrii na miaka minane kazini, akatoa supaglu mkobani akatia matone mawili.

Gundi haikukaa nilipoiweka. Ilikimbia kwenye kila ufa kati ya vidole, kama maji kwenye mchanga. Asubuhi Bibi akajaribu kuifungua, haikufunguka. Nikaja jioni, nikailazimisha. Tak! Vidole viwili vikaondoka.

Hakunifokea, na hilo ndilo lililoniuma. Aliuweka msahafu juu ya mto, mapajani. Lakini msahafu wake ni ule wa herufi kubwa, mzito, na mikono yake siku hizi inatetemeka. Kurasa mbili, tatu, anachoka. Wiki ya pili nikaona anafunga mapema, anasema macho yamechoka. Macho hayakuwa na tatizo. Ramadhani ilikuwa imebaki wiki kumi, na tangu nimjue Bibi, kila Ramadhani anahitimisha, juzuu moja kwa siku. Nikasema, hii nitaitengeneza upya. Kuchora vitu vinavyoingiliana ndiyo kazi yangu ya kila siku. Ingekuwaje ngumu?

Kosa la kwanza: kuwachora kama wageni

Nilipima vipande. Ubao urefu milimita 400, upana 200, unene 20. Vidole vitano, kila kimoja upana wa milimita 40. Bawa la kwanza lina vidole vitatu, bawa la pili viwili, vinapishana.

Nikafungua programu ya CAD nikachora bawa la kwanza peke yake, kwenye faili lake. Kisha la pili, kwenye faili lake. Kisha nikayaita yote mawili kwenye asembli ili niyaunganishe. Hivi ndivyo wengi wetu tulivyofundishwa: chora kipande, chora kipande, funga pamoja.

Kufunga kwenyewe kunafanyika hivi. Kitu kinachoelea hewani kina njia sita za kusogea: kinaweza kuteleza pande tatu (kulia na kushoto, mbele na nyuma, juu na chini) na kinaweza kuzunguka kwa namna tatu. Wewe unaiambia programu masharti, na kila sharti linaziba njia mojawapo au zaidi. Mhimili wa hiki ulale juu ya mhimili wa kile. Ubavu wa hiki uwe sawa na ubavu wa kile. Ukimaliza vizuri, kwenye bawaba inabaki njia moja tu, ya kuzunguka. Wazo hili la kuipa mashine masharti kisha yenyewe itafute pa kuweka mistari si la leo. Ivan Sutherland alilionyesha MIT mwaka 1963 kwenye programu yake ya Sketchpad, kabla wengi wa wazazi wetu hawajaiona kompyuta.

Nikaweka masharti, njia tano zikaziba, ikabaki moja. Nikashika bawa kwa kipanya nikalivuta, likafunguka. Nikalirudisha, likafunga. Nikajisifu kidogo. Printa yangu ya 3D ya nyumbani haiwezi kitu cha milimita 400, basi nikaprinti mabawa mawili kwa nusu ya ukubwa, kila moja peke yake, usiku kucha.

Asubuhi nikashika bawa moja mkono wa kulia, la pili mkono wa kushoto. Nikakaa nayaangalia. Nikayageuza. Nikayageuza tena.

Hayaingii.

Sasa tumia vidole vyako. Fanya pete kwa kidole gumba na cha shahada, mkono wa kulia. Fanya pete nyingine mkono wa kushoto, lakini zishikane kama mnyororo. Ziachanishe. Sasa jaribu kuzirudisha kwenye mnyororo bila kufungua kidole hata kimoja. Huwezi, sivyo? Marufaa iko hivyohivyo. Kila kidole kimeshikwa juu na kimeshikwa chini, kwa hiyo kati ya vidole kuna dirisha lililofungwa pande zote. Kidole cha bawa la pili kinapita ndani ya dirisha la bawa la kwanza, na cha kwanza ndani ya la pili. Ni mnyororo. Hakuna namna ya kuyachukua mabawa mawili yaliyokamilika ukayafumbatanisha. Lazima yazaliwe yameshafumbatana.

Na programu haikuniambia kitu! Kwenye skrini vitu vinapenyana kama majini. Programu inakagua masharti uliyoipa, na ukiiomba itakagua pia kama kipande kimeingia ndani ya mwili wa kipande kingine. Lakini haikuulizi: hiki kilifikaje hapo? Ulimi wa kiti unaingia kwenye tundu lake kwa mstari ulionyooka, nati inaingia kwa kuzunguka, kifuniko cha betri ya rimoti kinateleza kisha kinabana. Kila kiungo kina mlango wake wa kuingilia. Marufaa haina mlango. Tangu siku ile, kabla sijachora chochote, naandika kwenye karatasi: kitaingiaje, kutoka upande gani, na nani anaingia kwanza.

Nilimwonyesha Bibi mabawa yangu mawili ya plastiki. Akayagonganisha kama anapiga makofi. "Haya ni mazuri ya kufukuzia nzi," akasema.

Ubao mmoja, kisha kisu

Nikafuta yote. Safari hii nikaanza kama fundi anavyoanza: ubao mmoja, mzima, 400 kwa 200 kwa 20. Ndani ya faili moja. Kisha nikachora visu, yaani maumbo membamba ya kukatia, nikayatoa kwenye ubao. Kisu kimoja kinapita katikati ya unene kutoka juu hadi karibu na bawaba. Kingine kutoka chini. Visu vinne vinapita kati ya vidole. Na pale kwenye bawaba, kila kidole ni silinda ya kipenyo cha milimita 20, unene wote wa ubao, kinatoka bawa la mbele kwa juu na kuingia upande wa nyuma kwa chini. Kidole jirani kinafanya kinyume chake. Nilipomaliza kukata, ubao mmoja ukawa miili miwili, na hakuna hata mmoja niliouchora.

Tofauti inaonekana ndogo lakini ni kubwa. Kwenye njia ya kwanza, nikibadilisha upana wa kidole kwenye bawa moja lazima nikumbuke kubadilisha dirisha kwenye lile jingine, na siku nitakayosahau ndiyo siku vitagongana. Kwenye njia ya pili mchoro ni mmoja, na vipande vyote viwili vinausikiliza. Nikigusa namba moja, kidole na dirisha vinabadilika pamoja. Kama unachora vitu vinavyoingiliana, hata kiberiti na kasha lake, fanya hivi: mpaka wa vipande viwili uchorwe mara moja tu, usichorwe mara mbili na watu wawili wasiosalimiana.

Halafu kuna upana wa kisu. Programu nyingi zinakuruhusu kuipa namba jina, ili uiandike mahali pamoja na kuitumia kila mahali. Ya kwangu niliiita *mwanya*. Silinda ya kidole ina nusu kipenyo cha milimita 10. Shimo inamozungukia lina 10 + mwanya. Nafasi kati ya kidole na kidole: mwanya.

Hapa ndipo watu wengi wanapoanguka, wanaojifunza na hata wazee wa kazi. Kwenye skrini, silinda ya 10 inakaa kwenye shimo la 10 bila wasiwasi. Duniani hakuna kitu kinachotoka 10 kamili. Kwa hiyo viwandani hatuandiki namba moja, tunaandika mpaka wa juu na mpaka wa chini. Chukua mhimili wa chuma wa milimita 25 unaotakiwa kuzunguka ndani ya tundu lake. Viwango vya kimataifa vya ISO vina alama za kazi hiyo, mfano H7 kwa tundu na g6 kwa mhimili. Maana yake tundu linaruhusiwa kuwa kati ya 25.000 na 25.021, na mhimili kati ya 24.980 na 24.993. Hata wakikutana mhimili mnene na tundu jembamba, zinabaki mikroni 7 za kupumua. Wakikutana wembamba na pana, ni mikroni 41. Lakini ukitaka mhimili usitoke kamwe, unaandika p6, na sasa ni mnene kuliko tundu, kati ya 25.022 na 25.035, unaingia kwa kushindiliwa. Ukiziangalia kwa macho kwenye mchoro, zote ni 25.

Au chukua tofali la LEGO, hilo lililotulia chini ya kochi lako likisubiri unyayo. Vichwa vyake vimepangwa kila baada ya milimita 8. Tofali la vichwa vinne kwa urefu lingetakiwa kuwa 32, lakini lina 31.8. Zile 0.2 zimeachwa kusudi. Zisingekuwepo, matofali kwenye mstari mrefu yangesukumana mpaka ukuta ukapinda.

Mimi nilitia mwanya 0.4, nikasema hiyo inatosha kwa plastiki. Nikaprinti kwa nusu ya ukubwa kama mwanzo. Ikatoka kipande kimoja kigumu, kimeshikana kama kilivyoshikana kwa supaglu. Kumbe nilipolipunguza faili zima kwa nusu, na mwanya nao ulipungua kwa nusu, ukawa 0.2. Printa haijui kwamba leo ni kielelezo. Ukubwa wa kitu unaweza kuupunguza utakavyo, lakini mwanya ni wa mashine, hauna habari na ukubwa wa kitu. Hapo ndipo faida ya kuupa jina lake ilipoonekana: nilipunguza urefu, upana na unene, na mwanya nikauacha palepale.

Na usiprinti kitu kizima ili kujaribu kiungo. Nilikata bawaba peke yake, kipande cha vidole vitatu, nikaprinti vinne: 0.2, 0.3, 0.4 na 0.5. Saa moja na nusu, badala ya usiku kucha. Ya 0.2 ilishikana. Ya 0.3 ilifunguka kwa nguvu na ikaacha vinyuzi. Ya 0.4 ilitoa mlio mdogo, trrk, kisha ikazunguka vizuri. Ya 0.5 ilizunguka lakini ilikuwa inayumba. Kwako inaweza kuwa tofauti. Jibu ni la printa yako na plastiki yako, ndiyo maana unaprinti vipande vya majaribio. Jambo jingine: kama mwanya umelala, yaani tabaka limepita juu ya tabaka, uwe ni idadi kamili ya matabaka. Matabaka yangu yana unene wa 0.2, kwa hiyo mwanya uliolala ni 0.2 au 0.4. Ukiandika 0.3 printa itachagua yenyewe, na huenda usiupende uchaguzi wake.

Imefungwa vizuri, haifunguki

Sasa nina marufaa ndogo ya plastiki, imetoka imefungwa, vidole viko huru. Naifungua. Inasogea kidogo sana, kisha inagota.

Niliomba programu ikague mgongano, ikaniambia hakuna. Ilikuwa sahihi: ikiwa imefungwa, hakuna. Lakini sikuikagua ikiwa njiani. Ukingo wa bawa la nyuma ulikuwa umekumbatia kidole mpaka mwisho, ukakaribia kabisa shina la bawa jingine. Bawaba haikuwa na mahali pa kwenda. Kwenye marufaa ya kweli, ukiigeuza utaona kwamba pembeni ya kila kidole fundi amechonga mteremko mdogo. Mimi nilidhani ni urembo. Ule mteremko ndio unaoamua marufaa ifunguke kiasi gani. Ukiondoa mbao nyingi, inafunguka sana na kitabu kinakaa chini mno. Ukiondoa kidogo, inasimama wima na kitabu kizito kinaibinua. Nikaondoa nyuzi 45 kwenye ukingo mmoja na 45 kwenye wa pili, jumla 90. Kisha nikaizungusha kwenye skrini kila nyuzi 10 na kukagua mgongano kila hatua. Kitu kinachosogea kikague kikiwa kinasogea.

Nikaprinti. Ikafunguka, ikasimama, ikabeba simu yangu. Nikaipeleka kwa Bibi na zawadi ya mahamri. Akaiweka dirishani, akaweka dawa zake juu yake. "Ya dawa imepatikana," akasema. "Ya msahafu iko wapi?"

Sauti kutoka Lamu

Mjomba alikuwa ameipeleka michoro yangu kwa fundi mmoja Lamu, mtu anayechonga marufaa tangu akiwa kijana. Nilitegemea anisahihishe vipimo. Akanitumia ujumbe wa sauti, nyuma unasikia punda na watoto. Akasema michoro ni mizuri, imemfurahisha, ila kuna jambo haelewi: kwa nini mwanya nimeupima? Yeye haupimi. Mwanya ni upana wa msumeno. Akitaka mwanya mdogo anachukua msumeno mwembamba, basi, kazi imekwisha.

Halafu akaniuliza nina nia ya kutumia mbao ngapi. Nilikuwa nafikiria kukata mabawa kwenye mbao mbili na kuunganisha vidole kwa gundi, niikwepe kazi ya patasi. Akasema usifanye hivyo. Mbao mbili ni majirani, ubao mmoja ni ndugu. Mvua ikija zitavimba pamoja, kaskazi ikija zitanywea pamoja.

Nilisimamisha sauti nikairudia. Maana hiyo ndiyo hesabu ambayo sikuwa nimeifanya. Mbao huvimba na kunywea kwa upana kulingana na unyevu wa hewa, wakati kwa urefu wa nyuzi zake hubadilika kidogo mno. Kidole cha milimita 40 kikivimba kwa asilimia 1 tu kinaongezeka 0.4. Kama dirisha lake liko kwenye mti mwingine ambao haukuvimba, mwanya wote umekwisha na marufaa imekwama. Lakini kama kidole na dirisha vimetoka kwenye ubao mmoja, dirisha nalo linapanuka kwa asilimia ileile. Wanakwenda sambamba. Marufaa ya Babu ilihama kutoka hewa ya bahari ikaingia hewa ya hita, ikakaa miaka zaidi ya arobaini ikilegea polepole tu, kwa sababu hiyo. Mtu aliyeiua ni yule aliyejaza mwanya gundi.

Nilimweleza fundi habari ya supaglu. Ujumbe wake wa kujibu ulikuwa na sekunde kama tano za kimya, kisha kicheko.

Mvule wa Coventry

Ubao nimeupata huku huku. Nenda duka la mbao uulize mvule, watakuangalia tu. Uliza iroko, watakuletea mvule uleule, mti wa kwetu umebadilishwa jina uwanja wa ndege. Vaa barakoa ukiukata, vumbi lake linawasha.

CAD iliniwekea jambo moja lililoniokoa: niliprinti mchoro kwenye karatasi kwa ukubwa wake halisi nikaubandika ubao pande zote mbili, mistari ya mbele ikitazamana na ya nyuma. Nafasi kati ya vidole nikazikata kwa msumeno mwembamba kama uzi, baada ya kutoboa matundu ya kuuingizia. Vidole nikavichonga kwa patasi, nusu kutoka mbele, nusu kutoka nyuma, mpaka mikato ikutane ndani mahali usipopaona. Mwisho nikapasua unene kwa msumeno wa mkono kutoka kila ncha. Msumeno wangu unakula milimita 1, kwa hiyo kwenye 20 kila bawa limepata 9.5, si 10. Nikarudi kwenye faili nikabadilisha namba moja, na michoro yote ikanifuata.

Ya kwanza ilipasuka. Nyuzi za mvule zinapishana, safu moja inaelekea huku na nyingine kule, na patasi yangu ilifuata nyuzi badala ya kufuata mstari. Kidole kinapohama kutoka mbele kwenda nyuma nyuzi zake hukatwa fupi, na pale ndipo udhaifu wake. Ya pili nilichagua ubao ulionyooka zaidi, nikanoa patasi kila baada ya kidole kimoja, nikaacha haraka. Siku ya kupasua sehemu ya mwisho nilikuwa peke yangu karakana. Msumeno ulipofika kwenye bawaba nikaweka kabari nyembamba, nikagonga mara moja kwa nyundo ya mbao, kidogo tu. Ikatoa ule mlio. Trrk. Ikafunguka.

Nilimpelekea siku nne kabla ya mwandamo. Shikamoo, marahaba, chai kwanza. Kisha akaifungua, akaifunga, akaifungua. Akaitikisa.

"Inacheza," akasema.

"Lazima icheze kidogo, Bibi. Isipocheza haifunguki."

Akacheka, na mwanya wake wa mbele ukaonekana, ule ambao Babu alikuwa akisema ndio uliomwoa. Akaweka msahafu. Ukakaa. Akaondoa mikono, akaiweka tena, akaiondoa. Hakusema kitu zaidi. Nikaosha vikombe, na niliporudi alikuwa kwenye ukurasa wa tatu.

Wanaotaka kujaribu: FreeCAD ni ya bure, na tangu toleo la 1.0 la mwaka 2024 ina sehemu yake ya asembli. Anza na kitu kidogo, kasha na kifuniko chake. Kabla hujachora mstari wowote, ipe namba jina, iite mwanya.

Bibi alipofika juzuu ya nane alinipigia. "Mke mwenza, ile ya mume wetu umeitupa?" Nikamwambia hapana, iko kabatini kwangu. "Usiitupe. Vidole viwili tu ndivyo vimevunjika." Nikamwuliza anataka niitengeneze? Akasema ndiyo, lakini supaglu niiache nyumbani.